Mfalme wa Jino la Buluu na Funzo Lake kwa Konza

Yapo majina ambayo ulimi umeyazoea mno hata akili haiulizi tena yalikotoka. Mojawapo ni Bluetooth. Hapa nchini jina hili hutajwa na mwanafunzi anayemrushia mwenzake wimbo, na dereva wa matatu anayetaka nyimbo za simu yake zisikike katika spika za gari, na mama mwenye duka anayeunganisha simu na mashine ndogo ya kuchapishia risiti. Wote hawa wanajua kwamba hiyo ni njia ya vyombo viwili vilivyo karibu kuzungumza bila waya. Ni wachache wanaojua kwamba kila walitajapo jina hilo, wanamtaja mtu. Tena si mtu wa jana wala wa juzi, bali mfalme aliyetawala zaidi ya miaka elfu moja iliyopita katika nchi ya Denmark, kaskazini mwa Ulaya.

Leo nimekusudia kuyasimulia maisha ya mfalme huyo, Harald aliyepewa lakabu ya Jino la Buluu. Huenda msomaji akauliza mfalme wa nchi ya theluji ana uhusiano gani na sisi wa nyanda kavu za Ukambani. Jibu langu ni neno moja: Konza. Mahali ambapo taifa limeamua kujenga mji mzima kwa ajili ya teknolojia panastahili kujua jina la teknolojia limebeba nini ndani yake. Nami naamini maisha ya Harald, yakisomwa hadi ukurasa wa mwisho, yana onyo kwa wote wenye mkono katika ujenzi wa mji ule.

Konza haikuanza kuunganisha watu jana. Reli kutoka Mombasa ilipita hapo mwaka 1899 ikikimbilia Nairobi, na katika miaka ya 1910 ikachipua tawi lililoteremka hadi Ziwa Magadi kuchukua magadi. Stesheni ile ya Machakos ikawa njia panda, ambapo Mkamba na Mmasai walikutana na bidhaa za pwani na za bara. Kisha, mwaka 2009, serikali ikanunua ekari 5,000 kutoka kwa Ranchi ya Malili, upande wa Makueni, hatua chache tu kutoka mipaka ya Machakos na Kajiado, kiasi cha kilomita 60 kutoka Nairobi. Mwaka 2012 mamlaka ya kuusimamia mji huo ikaundwa, na tarehe 23 Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akaweka jiwe la msingi. Njia panda ya garimoshi ikatakiwa iwe njia panda ya elimu na mawasiliano.

Sasa nirudi kwa mfalme wetu.

Harald alizaliwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 10, mwana wa Mfalme Gorm na Malkia Thyra. Makao yao yalikuwa Jelling, katika rasi ya Jutland. Hizo zilikuwa enzi za Waviking, mabaharia waliokuwa wafanyabiashara na maharamia kwa pamoja, ambao jahazi zao zilitiwa hofu kuanzia visiwa vya Uingereza hadi mito ya Urusi. Denmark ya wakati huo haikuwa nchi kama tunavyoijua leo. Ilikuwa rasi moja na visiwa vingi, na katika kila pembe palikuwa na wakuu wenye nguvu, waliomtii mfalme pale utii ulipokuwa na faida kwao. Kuhusu lakabu yake, maelezo yanayotolewa aghalabu ni kwamba alikuwa na jino bovu lililogeuka rangi. Hivyo ndivyo kasoro ya kinywani ilivyomshinda sifa zote za upanga na ikadumu milele.

Gorm alifariki kadiri ya mwaka 958, akazikwa chini ya kilima kikubwa cha udongo pale Jelling, na Harald akashika hatamu. Alirithi ufalme uliokuwa na jirani wa kuogopwa. Kusini mwake alikuwapo Otto, mtawala wa Wajerumani, aliyekuwa akipanua milki yake huku msalaba ukitangulia mbele ya jeshi. Mfalme mpagani mpakani mwa Otto alikuwa mfalme aliyejitafutia vita. Katika miaka ya 960 Harald akaukubali Ukristo. Masimulizi ya kale yanaeleza kwamba pazuka ubishi katika karamu ya mfalme kuhusu nani mwenye nguvu, Kristo au miungu ya kale, na kasisi mmoja aitwaye Poppo akashika chuma cha moto mkononi kuthibitisha imani yake, na mkono wake ukaonekana haukuungua. Mwenye kupenda miujiza atatosheka na hayo. Mimi naona pia busara ya mtawala aliyempokonya jirani yake kisingizio cha kumvamia.

Baada ya hapo Harald akasimamisha pale Jelling jiwe kubwa lenye nyuso tatu. Uso mmoja una maandishi ya kale ya watu wa kaskazini, wa pili una mnyama aliyezongwa na nyoka, na wa tatu una umbo la Kristo. Maandishi yale yanaeleza kwamba Harald aliagiza ukumbusho huo kwa ajili ya baba yake na mama yake, na kwamba yeye ndiye aliyeipata Denmark nzima na Norway, na kuwafanya watu wa Denmark kuwa Wakristo. Wadenmark wenyewe huliita jiwe hilo cheti cha kuzaliwa kwa taifa lao, na mwaka 1994 likaingizwa pamoja na vilima na kanisa la Jelling katika orodha ya urithi wa dunia.

Maneno ya jiwe hayakuwa majigambo matupu. Harald alikuwa mjenzi wa ajabu. Kadiri ya mwaka 980 aliagiza daraja la mialoni lijengwe pale Ravning, juu ya bonde la mto lenye majimaji, si mbali na Jelling. Daraja hilo lilikuwa na urefu wa mita 760 na upana wa mita 5, jambo lisilo na mfano katika nchi ile kwa karne nyingi zilizofuata. Wakati uo huo zikainuka ngome za mviringo, miongoni mwazo Trelleborg, Fyrkat na Aggersborg, zote kwa ramani moja: duara lililopimwa sawasawa, milango minne, na barabara mbili zinazokatana katikati kwa pembe mraba. Aggersborg, kubwa kuliko zote, ilikuwa na kipenyo cha mita 240 ndani ya boma lake. Mwaka 2023 ngome hizo nazo zilitambuliwa kuwa urithi wa dunia. Mtu asiyejua angedhani zilichorwa na wapima ardhi wa siku hizi.

Mkono wake ulifika mbali pia. Alijipatia mamlaka juu ya Norway, akamwachia mkuu wa huko, Hakon, aitawale kwa niaba yake. Lakini Hakon hakukawia kujitenga. Mwaka 974 Wajerumani walivunja ulinzi wa mpaka wa kusini wakashika sehemu ya nchi, na Harald ikambidi asubiri hadi mwaka 983 ndipo aikomboe. Ufalme wake ukawa kama chandarua kikuukuu: akishona huku, kunatatuka kule.

Mtatuko wa mwisho haukutokea Norway wala Ujerumani. Ulitokea nyumbani. Katikati ya miaka ya 980 mwanawe, Svend, aliinua bendera ya uasi, na wakuu wengi wakamfuata. Wanahistoria wengi huhesabu mizigo ya ujenzi ule mkubwa, pamoja na kupokonywa wakuu wa mitaa uwezo wao wa zamani, kuwa miongoni mwa mambo yaliyowachosha watu. Ngome zikasimama kila upande, lakini hazikumsaidia aliyezijenga. Harald alishindwa na kujeruhiwa, akakimbilia kwa Waslavu kusini mwa Bahari ya Baltiki, na huko akafa kadiri ya mwaka 986. Inasimuliwa kwamba mwili wake ulirudishwa ukazikwa Roskilde, katika kanisa alilolijenga mwenyewe. Ngome zake zilitumika kwa miaka michache tu zikaachwa. Daraja la Ravning halina alama za kuwa liliwahi kufanyiwa ukarabati. Lilioza likazama katika majani. Svend naye aliendelea, na mwaka 1013 akaiteka Uingereza.

Basi mfalme huyu alisahaulika kwa watu wa mbali, akabaki katika vitabu vya historia ya kaskazini, hadi mwishoni mwa karne ya 20. Mwaka 1994 wahandisi wa kampuni ya Ericsson, katika mji wa Lund huko Uswidi, walianza kutafuta mawimbi ya redio ya bei nafuu na yenye kutumia umeme kidogo, yatakayoondoa nyaya kati ya simu na vyombo vyake vidogo. Makampuni mengine yalikuwa na mawazo yao juu ya jambo hilo hilo. Hatari ilikuwa dhahiri: kila kampuni ingebuni lugha yake, na chombo cha huyu kisingeelewana na cha yule. Mwaka 1997 mhandisi wa kampuni ya Intel ya Marekani, Jim Kardach, aliyekuwa akisoma habari za Waviking, akapendekeza jina la mfalme aliyeunganisha watu waliotengana. Lilikusudiwa kuwa jina la muda tu. Majina mengine yalipokwama, moja kwa sababu lilikuwa la kawaida mno na jingine kwa sababu haki zake hazikuwahi kuthibitishwa kwa wakati, la muda likawa la kudumu. Alama ile tunayoiona kwenye simu ni herufi mbili za kale za jina lake na lakabu yake, zilizosukwa pamoja.

Mwaka 1998 makampuni matano, yaani Ericsson ya Uswidi, Nokia ya Finland, Toshiba ya Japani, na IBM na Intel za Marekani, yaliunda umoja wa kusimamia teknolojia hiyo. Haya yalikuwa makampuni yaliyoshindana sokoni kwa meno na kucha. Hata hivyo yalikubaliana kuandika kanuni moja, na kwamba yeyote atakayejiunga na kuifuata ataitumia bila kutozwa mrabaha. Kanuni ya kwanza ikatoka mwaka 1999. Leo maelfu ya makampuni yamo humo, na ndiyo sababu simu iliyotengenezwa China huelewana na spika iliyotengenezwa kwingineko bila mkalimani.

Tuangalie jinsi vyombo hivyo vinavyoelewana, kwa kuwa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kwanza, havirushi sauti mbali. Katika vyombo vingi vya mkononi umbali wake ni kama mita kumi, yaani upana wa ua wa nyumba. Pili, havianzi kusemezana kabla ya kujuana. Kimoja hujitangaza, kingine hukitafuta, vikaafikiana ufunguo wa siri, na kwa kawaida mwenye chombo huulizwa kama ameridhia. Tatu, vinatumia masafa ambayo ni mali ya wote, yale yale yanayotumiwa na vyombo vingine vingi vya nyumbani. Katika Bluetooth ya asili masafa hayo hugawanywa katika mikondo 79, na mazungumzo huruka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine mara 1,600 kwa kila sekunde. Vyombo vilivyoboreshwa baadaye hukwepa hata mikondo ambayo jirani amekwisha kuishika. Adabu ya teknolojia hii ni hiyo: kuwa karibu, kuomba ridhaa, na kumwachia jirani nafasi.

Sasa mlinganishe Harald na chombo kilichopewa jina lake. Yeye aliunganisha visiwa, akavuka bahari hadi Norway, akatia mpaka na Wajerumani. Kilichomwangusha kilikuwa ndani ya mita kumi, katika chumba kimoja na meza moja naye. Hakuelewana na mwanawe. Aliweza yaliyo mbali, yaliyo karibu yakamshinda. Waliompa heshima wahandisi wa mwaka 1997 walimkumbuka kwa ushindi wake. Mimi naona anafaa zaidi kukumbukwa kwa kile alichokikosa, kwa kuwa ndicho hasa chombo kile hukifanya.

Na hapa ndipo ninapoitazama Konza. Sina kijicho na mji ule, wala simo katika kundi la wanaoucheka kila unapochelewa. Kituo cha kitaifa cha data kipo na kinafanya kazi, na barabara zimepasua mahali palipokuwa mbuga tupu. Mwenye haki hatayakana hayo. Lakini nauliza swali ambalo Harald angepaswa kuulizwa mwaka 980, alipokuwa akisimamisha nguzo za daraja lake: walio karibu wameunganishwaje?

Mji ulipotangazwa, serikali iliweka ukanda wa kilomita kumi kuuzunguka, ambamo ujenzi na ugawaji wa mashamba ulitiwa masharti ili pasizuke mtaa wa mabanda. Kusudi lilikuwa jema. Lakini kwa mwenye shamba ndani ya ukanda ule, teknolojia ilimfikia kwanza kama katazo. Aliambiwa asijenge kabla ya kuambiwa atafaidi nini. Vyombo viwili haviunganishwi hivyo. Vikilazimishwa bila ridhaa, kimoja hukataa. Tena mara baada ya ugatuzi wa mwaka 2013 kukawa na mvutano baina ya Machakos na Makueni kuhusu mji ni wa nani, na Kajiado nayo ikawa na neno lake. Makampuni matano yenye uadui wa kibiashara, kutoka mabara matatu, yaliweza kuketi yakaandika kanuni moja. Je, kaunti tatu ambazo mbuzi wao hunywa maji katika vijito vimoja zishindwe?

Kuna watakaonijibu kwamba mji wa aina hii hujengwa kwa ajili ya dunia nzima, na kwamba mchungaji wa Konza atafaidika kidogo kidogo mali itakapoanza kumiminika. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi na lina sehemu ya ukweli, kwa sababu mji usio na soko la nje hauwezi kumlipa hata fundi wake. Hata hivyo, Harald naye alikuwa na mali na biashara ya nje. Mali haikumzuia mwanawe kupata wafuasi. Walichokihitaji watu ni kuona kwamba kazi ile ni yao, na mtu haitambui kazi kuwa yake kwa kuambiwa asubiri.

Kwa hiyo nathubutu kupendekeza mambo matatu. La kwanza, shule za sekondari zilizo katika ukanda ule wa kilomita kumi ziwe za kwanza kufaidi: walimu wao wafundishwe katika Konza, na wanafunzi waingie katika karakana zake kwa zamu, washike vyombo, wavifungue na kuvifunga. Kijana wa Malili au wa Konza stesheni anayejua kutengeneza kifaa kidogo cha kupima unyevu wa shamba la babake na kutuma habari hiyo kwenye simu iliyo jirani, bila hata kulipia intaneti, ana thamani kwa taifa kama mgeni aliyekuja na mkoba wa dola. La pili, kaunti zote tatu ziandike mapatano ya wazi juu ya kodi, maji na ajira, yasomwe katika mabaraza kwa Kikamba, Kimasai na Kiswahili, ili kila mtu ajue ameridhia nini. La tatu, fungu la ukarabati liwekwe kando tangu sasa. Daraja la Ravning halikuwa na mfano katika nchi ile, na hakuna aliyeona kuwa ni wajibu wake kulibadilisha hata ubao mmoja.

Wahenga walisema umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Methali hiyo huimbwa sana majukwaani, lakini haielezi umoja huanzia wapi. Harald alidhani unaanzia kwenye ngome na mawe ya kumbukumbu. Wahandisi wa Lund waliamua uanzie kwa vyombo viwili vilivyo juu ya meza moja, kisha vya chumba kizima, ndipo ukaenea duniani. Wenye mamlaka ya Konza wanayo nafasi ya kuchagua njia mojawapo kati ya hizo mbili. Waanze basi na jirani aliye ng'ambo ya uzio wao, naye bado anangoja kuulizwa kama ameridhia.